Tumelipa milioni moja na laki nne tufundishwe kutokatwa vidole, huu ndo mrejesho wangu

Hii kitu mi nilikuwa naipinga, niseme mapema mtu asije akadhani nimepewa chochote. Mzee mwenye karakana aliponiambia kaongea na jamaa wanaofundisha mafundi "tabia salama kazini", milioni moja na laki nne kwa siku mbili halafu miezi mitatu ya kuja kutuangalia, nikamwambia mzee hiyo hela tununue bledi mpya na mota ya ile randa mbovu na chenji ibaki. Mtu kapasua mbao miaka 19 leo unamfundisha tabia? Ila mzee alishaamua, na kilichomfanya aamue ni kidole cha Babu.

Sisi tuko Keko, tunatengeneza milango, fremu na makabati ya jikoni, watu 23 ukihesabu na madogo wa kupiga msasa. Babu si mzee, ana miaka 41, jina limetokana na kukaa sana pale. Siku hiyo alikuwa anapasua mninga kwenye msumeno wa meza, kipande kikabana, akapeleka mkono wa kushoto kukichomoa na bledi bado inazunguka, ncha ya kidole cha shahada ikaondoka mpaka kiungo cha kwanza. Mi nilikuwa hatua kama kumi hivi naongea na mteja wa kabati, nikasikia mlio wa mashine umebadilika kidogo tu afu umerudi kawaida. Babu hakupiga hata kelele. Alisimama anakiangalia kile kidole kama cha mtu mwingine, mpaka dogo wa msasa akakimbia kuvuta swichi ya ukutani.

Fomu za Mfuko wa Fidia, WCF, za kuripoti ajali nilijaza mimi kwa sababu msimamizi ni mimi. Palipotaka chanzo cha ajali nikaandika "uzembe wa fundi". Nilikuwa na uhakika kabisa wala sikusita. Hilo neno lishikeni.

Sasa hao jamaa. Jina siliweki kwa sababu kuna sehemu nitawasema vibaya, wakisoma watajijua. Walikuja wawili, dada mmoja wa makamo ndo mwenye kampuni, na mzee mmoja mstaafu wa kiwandani, mkimya, shati limepigwa pasi kama la mwalimu wa zamani.

Siku ya kwanza ilikuwa ovyo, sifichi. Projekta, slaidi zote Kiingereza, picha za mitambo ya mafuta katikati ya bahari na wazungu wenye helmeti za njano. Jamani sisi tuna ndala na maranda! Dada anasoma slaidi afu anatafsiri nusu, mpaka saa tano madogo wawili wameshalala na jamaa wa vanishi anachati chini ya meza. Chai nayo ilikuwa juu yetu, hilo hatukuambiwa kwenye bei, ikabidi nimpigie mama lishe wetu mbio mbio aongeze chapati 30.

Kilichoamsha watu ni pembetatu. Akaweka pembetatu ya Heinrich, huyu alikuwa mtu wa kampuni ya bima ya Travelers kule Marekani, mwaka 1931 akatoa kitabu akisema kwenye kila ajali moja kubwa kuna 29 ndogo na 300 ambazo hazikumuumiza mtu, na kwamba ajali 88 katika kila 100 zinatokana na matendo ya watu wenyewe. Dada akaikazia sana ile 88. Yule jamaa wa vanishi akainua kichwa kwenye simu akauliza, "Samahani dada, hizo ripoti alizokuwa anasoma ziliandikwa na nani?"

Dada akamwangalia mzee. Mzee akacheka kidogo, akasema, "Swali zuri mwanangu. Alikuwa anasoma mafaili ya bima na ripoti za viwandani. Na ripoti za viwandani nyingi wanaandika wasimamizi." Akaongeza kwamba ndo maana zile hesabu siku hizi wanazipinga wengi.

Watu 22 wakageuka kuniangalia. Babu naye aligeuka, na bandeji yake. Nikajifanya natafuta chaja ya simu.

Kama ingeishia siku ya kwanza ningewapa nyota moja na hiyo ingekuwa ya pembetatu tu. Siku ya pili ndo hela yetu ilipofanya kazi. Yule mzee hakugusa projekta, alichukua ndoo tupu ya gundi akaigeuza akaikalia pembeni ya msumeno kuanzia saa mbili asubuhi, anaangalia. Saa nzima ya kwanza hajaandika kitu. Mafundi wakawa wanajikakamua, kila mtu kavaa miwani, wengine nilikuwa sijawahi kuwaona nayo tangu waajiriwe, ila si unajua mtu hawezi kuigiza kutwa nzima, saa nne miwani ikapanda kwenye paji la uso, na saa nne na nusu nikamwona fundi wa pili anafagia vipande juu ya meza kwa kiganja, bledi iko pale sentimita chache tu inamalizia mizunguko. Nimeishi na hiyo mashine miaka mingapi? Sikuwahi KUIONA hiyo. Yaani macho yalikuwa yanaona ila akili ishazoea.

Kwenye saa tano akamwita Babu, mashine imezimwa na plagi imechomolewa, akamwambia nionyeshe siku ile ulikuwaje. Babu akaonyesha. Akamuuliza kwa upole kabisa, kama anamuuliza habari za watoto, "Kwa nini hukuzima kwanza?" Babu akasema mashine ukiizima bledi inaendelea kuzunguka nusu dakika nzima mpaka isimame, na mbao inabana mara 30 mpaka 40 kwa siku, sasa ukisubiri kila mara ni kama dakika 20 umesimama bure, na jamaa wa fremu wako nyuma wanapiga kelele leta mbao leta mbao, na wote tunalipwa kwa pisi. Mzee akauliza mbona inabana sana hivyo? Kwa sababu mbao ni mbichi. Mbona mbichi? Hapo Babu akaniangalia mimi, mi nikamwangalia bosi mwenye karakana, bosi akaangalia dari. Tunanunua mbichi kwa sababu ni rahisi, tunaziacha wiki mbili nje afu tunapasua.

Haikuishia hapo. Nyuma ya bledi panatakiwa kuwe na kijisu kinachoshika ile njia iliyokatwa isijifunge na kuibana bledi, kijisu chetu kilipotea tulipohamia hapa na hakuna aliyekitafuta. Na kava la juu nililitoa MIMI, kwa mkono wangu, kwa sababu lilikuwa linakwama kwenye hizo hizo mbao mbichi na oda ilikuwa inachelewa. Nikakumbuka fomu. Uzembe wa fundi.

Mzee hakunisema wala nini. Alichukua miwani ya kazi ya mtu mmoja akaeleza kitu ambacho mpaka leo mafundi wanakitaja. Akasema kila tabia ina kinachoitangulia na kinachoifuata, na kinachoifuata haraka ndo kinatawala. Ukivaa hii miwani kwenye joto la Dar la mwezi wa pili inaingia ukungu ndani ya dakika tano, huoni mstari wa penseli, ukiivua unapata raha HAPO HAPO, kila mara, bila kukosa. Kuumia jicho labda mwakani, labda kamwe. Sasa we unamwekea mtu bango ukutani "VAA MIWANI" ushindane na raha ya hapo hapo, nani atashinda? Akasema badala ya kumfokea tafuta miwani yenye matundu ya hewa pembeni. Tumenunua, bei ilizidi kidogo tu zile za zamani, na sasa hivi sikumbuki mara ya mwisho nimemwambia mtu avae.

Ishu ya glavu nayo ilinichekesha na kuniumiza. Baada ya ajali ya Babu bosi kwa uchungu wake alinunua dazeni mbili za glavu nene, akagawa mwenyewe kwa mkono, na pale kwenye msumeno ikawa sheria. Mzee alipoona mtu anapasua mbao na glavu aliinuka kwenye ndoo kwa mara ya kwanza. Akasema kwenye mashine inayozunguka glavu ni ya kuvua, maana kitambaa kikinaswa hakikatiki kama ngozi, kinavuta mkono wote ndani. Glavu vaa ukibeba mbao mbaya, ukishika mabati, ukimimina kemikali. Bosi alinyamaza muda mrefu. Glavu zipo stoo, madogo wanabebea mbao.

Baada ya chakula ndo wakafanya kile wanachokiuza hasa. Walitaka mafundi wenyewe waandike vitendo vichache vinavyoonekana kwa macho, siyo "kuwa makini", maana kuwa makini hakuonekani, huwezi kukihesabu. Wetu wakatoa sita, kama kutumia kijiti cha kusukumia mbao zikibaki fupi, kuondoa vipande kwa brashi siyo kiganja, kuchomoa plagi kabla ya kubadili bledi, kutosimama sawa na mbao nyuma ya msumeno kwa sababu ikirushwa inakuja tumboni, na viatu vya kufunika. Ya sita ilikuwa kuzima simu kwenye mashine, hiyo waliandika wao siyo mimi. Afu kila siku fundi mmoja kwa zamu anasimama dakika kumi anaangalia na kupiga alama kwenye kadi, HAANDIKI JINA la mtu, na akimaliza anaenda kuongea na aliyemwangalia, anaanza na alichokifanya vizuri, kisha kama kuna kibaya anauliza kwa nini. Anauliza tu, hahukumu.

Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho. "Asante sana kaka kwa kushika kijiti," mtu anasema kwa sauti ya mchungaji karakana nzima inacheka, na mi nilijua ndo hela imeenda hiyo. Ila sijui niseme nini, utani uliendelea mpaka ukawa kawaida. Kwenye kadi za wiki ya kwanza, mara 20 tulizoangalia kijiti kilitumika mara 6. Wiki ya nane 17. Na sababu kubwa wala siyo pongezi peke yake, ni kwamba mwanzo kijiti kilikuwa kimoja kinahamahama, kadi zikatuonyesha, tukachonga vitano tukapaka rangi nyekundu visichanganyike na vipande vya kutupa, na brashi tukaifunga na kamba kwenye mguu wa meza. Ukiuliza kwa nini unapata jibu, ukifoka unapata "sawa bosi" basi.

Sasa lawama zangu, na hapa naomba wenye karakana msome vizuri.

Moja walitupa ubao mzuri wa "SIKU BILA AJALI", na yule dada akamshauri bosi aweke zawadi. Bosi naye akaahidi kila mwezi ukiisha bila mtu kuumia, kila mmoja kilo tano za sukari. Mwezi wa kwanza tukagawana sukari, picha zikapigwa, furaha. Mwezi wa pili, siku ya 24 kwenye ubao, dogo mmoja patasi ikamteleza ikaingia kwenye nyama ya chini ya dole gumba. Hakusema. Akafunga na tishu na seloteipu akaendelea kupiga msasa, na wenzake wawili walijua, wakamwambia kausha dogo bado siku sita. Nilikuja kujua siku nne baadaye kwa sababu alikuwa anashikilia kikombe cha chai na vidole vya nchani, nikamwambia fungua, mkono umevimba umeanza usaha. Nikampeleka mwenyewe, akasafishwa, akapigwa sindano ya pepopunda na dawa za wiki nzima. Njiani kurudi ananiambia, "Kaka samahani, nisingetaka watu wakose sukari kwa sababu yangu." Nilishindwa hata kumjibu.

Nilimpigia yule mzee usiku huo huo nikiwa na hasira. Akasema hilo ni tatizo linalojulikana miaka mingi kwenye kazi yao, ukilipa watu kwa kutoumia wanaacha kuripoti, na kwamba ubao ule ulikuwa wa kumpendezesha mwenye mali. Sasa kama linajulikana miaka mingi mlituletea wa nini?? Tumeugeuza upande wa nyuma tunaandikia oda. Zawadi siku hizi ni soda kwa mtu anayeleta nusura, yaani kitu kilichotaka kuumiza mtu kikamkosa. Mbao imeruka, waya umechunika, ngazi imeteleza. Tunanunua soda nyingi, na ndivyo inavyotakiwa.

Pili waliahidi kuja mara sita, wamekuja mara nne, na moja kati ya hizo nusu ya muda ilikuwa kupiga picha za kurasa zao za mtandaoni na mafundi wetu wameshika kadi kama wanafunzi. Vyeti vimekuja na majina matatu yamekosewa.

Tatu, na hii kwangu ni kubwa, hii biashara ya tabia ina mwisho wake na wao hawausemi mpaka uulize. Vumbi la mbao halina tabia. IARC, lile shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, limeliweka vumbi la mbao kundi la 1, yaani imethibitishwa linasababisha saratani kwa binadamu, sasa dogo wa msasa hata awe na nidhamu ya mwanajeshi atapumua nini kama hakuna feni ya kuvuta vumbi? Kwenye mpangilio wa kuzuia madhara unaanza kuondoa hatari yenyewe, au kubadili kitu kwa kisicho na hatari, afu mashine ziwekewe kinga, afu taratibu za kazi, vifaa vya kuvaa vinakuja mwisho. Hii slaidi ipo, nimeiona, ilikuwa ya mwisho siku ya kwanza na tulikuwa tunapanga viti. Ilitakiwa iwe ya kwanza.

Na msichanganye mambo, huduma hii haikuondolei chochote kwa OSHA, wale wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Kusajili eneo la kazi na kukaguliwa kwa sheria ya usalama na afya ya mwaka 2003 kuko pale pale, na vifaa vya kujikinga unatoa wewe mwajiri, humkati fundi hela.

Kilichobadilika kwetu kikubwa hata hakikuwa kwenye mkataba wao. Baada ya lile swali la "mbona inabana" bosi alikaa siku tatu hazungumzi na mtu, afu akawatoa watu wa kupasua kwenye malipo ya pisi, sasa wanalipwa kwa siku, fremu na milango wamebaki kwa pisi. Jamaa wa fremu walinuna mwanzoni wakijua watacheleweshwa. Kijisu cha nyuma ya bledi tumechongesha kule mtaani Gerezani, kava limerudi. Mbao tunajitahidi zikae miezi miwili, hapo bado tunabishana na hela, sitawadanganya, mwezi uliopita tumepasua mbichi tena kwa ajili ya oda moja ya haraka, na kadi za wiki hiyo zilikuwa mbaya.

Je, ajali zimepungua? Tangu waje hakuna aliyekatwa na mashine, ila hiyo haina maana sana, kabla ya Babu tulikaa zaidi ya miaka miwili bila mtu kukatwa na kava lilikuwa halipo muda wote huo. Mi naangalia kadi na soda.

Nyota zangu ni tatu na nusu. Mzee wa ndoo peke yake ni tano, projekta ni moja, ubao wa sukari ni sifuri. Kama una karakana, kiwanda kidogo cha tofali, gereji au hata jiko la hoteli, waite, ila waambie siku ya kwanza waifute na bei ishuke, na kabla hujalipa uwaulize watafanya nini wakikuta kosa ni la bosi. Wakijibu kwa kuzungukazunguka achana nao. Kama unataka watu wa kuja kuwafokea mafundi wako wavae helmeti, hao siyo, na kazi hiyo hata mimi nilikuwa naifanya bure.

Babu amerudi kwenye msumeno, ila fomu yake ilishaenda vile vile nilivyoandika. Juzi ilikuwa zamu yake ya kadi, akaniangalia mimi napasua kipande cha sampuli cha mteja, akaja akaniambia nimesimama vizuri pembeni, nimeshika kijiti, hongera, lakini kwa nini nimefagia kwa mkono? Nikamwambia brashi imekatika kamba. Akapiga alama yake akaondoka. Jana nimepita Kariakoo nimenunua mbili, buku tatu tatu.